SHA: Kusajiliwa Peke Yake Hakutoshi
Mwongozo kwa wakazi wa Kipsing na wadi nzima ya Oldonyiro wenye kipato kidogo

Uliza katika baraza lolote ni nani amesajiliwa SHA, na mikono mingi itainuka. Uliza tena ni nani amefanyiwa tathmini ya uwezo wa kulipa na mchango wake wa mwaka umelipwa, na mikono mingi itashuka. Tofauti kati ya maswali hayo mawili ndiyo inayowatia watu wengi katika shida siku ya ugonjwa.

Mgonjwa aliyesajiliwa tu anaweza kutibiwa malaria au kikohozi katika zahanati ya Kipsing bila kulipa. Lakini mgonjwa huyo huyo akizidiwa, akapewa rufaa na kufikishwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Isiolo, usajili peke yake hautamlipia kitanda wala upasuaji. Hapo ndipo familia huanza kupiga simu usiku kutafuta mtu wa kununua mbuzi kwa bei yoyote ile.

Makala haya yanaeleza hatua tatu za kufuata ili yasikukute hayo: kusajiliwa, kufanyiwa tathmini, kisha kulipa au kudhaminiwa na serikali. Ukisimama katika hatua ya kwanza, uko nusu ya njia.

KADI ZA ZAMANI HAZITUMIKI TENA

Wakazi wa Isiolo wana sababu ya kuchanganyikiwa. Mwezi Desemba 2018 kaunti yetu ilikuwa moja ya kaunti nne za kwanza nchini kufanyiwa majaribio ya Afya kwa Wote, pamoja na Kisumu, Machakos na Nyeri. Watu waliandikishwa, wakapewa kadi, na wakati wa majaribio hayo walitibiwa katika hospitali za umma za kaunti bila malipo. Wapo wazee ambao bado wameitunza kadi hiyo wakiamini siku moja itawafaa. Majaribio hayo yalikwisha na kadi hiyo haimlipii mtu matibabu leo.

Kadi ya NHIF nayo imepitwa na wakati. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliiondoa NHIF na kuanzisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyoanza kuhudumia wananchi tarehe 1 Oktoba 2024. Kama ulikuwa mwanachama wa NHIF, usidhani kila kitu chako kimehamishwa chenyewe. Hakikisha jina lako, la mwenzi wako na ya watoto wako yamo katika rekodi za SHA.

NI NANI ANALIPIA NINI?

SHA inasimamia hazina tatu. Ukizielewa hizo, utaelewa kwa nini zahanati haikudai kitu lakini hospitali inadai.

Ya kwanza ni Hazina ya Huduma ya Afya ya Msingi. Hii inagharamiwa na serikali na inalipia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Sharti lake kwako ni moja tu: uwe umesajiliwa.

Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, inayojulikana kama SHIF. Hii ndiyo inayolipia kulazwa, upasuaji na matibabu mengine ya hospitali, kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6. Huduma za kujifungua pia ziko chini yake. Hii ndiyo hazina inayotaka mchango wa kaya yako uwe umelipwa.

Ya tatu ni Hazina ya Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi. Hii huingia pale kiwango cha SHIF kinapomalizika kwa mgonjwa mwenye maradhi makubwa kama saratani au figo, na pia kwa dharura.

Kwa hivyo zahanati ya Kipsing haikukupendelea, na hospitali ya Isiolo haikukuonea. Kila moja inalipwa na hazina yake.

HATUA YA KWANZA: KUSAJILIWA

Usajili ni bure. Mtu yeyote anayekudai pesa ili akusajili anakuibia, hata kama amevaa kitambulisho shingoni.

Unaweza kusajiliwa kwa njia nne. Unaweza kupiga *147# kwa simu yoyote, hata kabambe, na kufuata maagizo. Unaweza kutumia mtandao wa Afya Yangu kama una simu ya intaneti. Unaweza kwenda katika kituo cha afya kilicho karibu au Huduma Centre mjini Isiolo. Na unaweza kusajiliwa na mhamasishaji wa afya ya jamii anayehudumu kijijini kwenu. Kwa manyatta zilizo mbali na mtandao, njia hii ya mwisho ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu wahamasishaji wanatembea nyumba hadi nyumba na wanajua ni wapi mtandao unashika.

Andaa mambo haya kabla hajafika:

- Kitambulisho chako cha taifa.
- Nambari ya simu unayoitumia kweli. Usitumie ya jirani wala ya mwenye duka, maana ujumbe kuhusu bima yako utakwenda kwake.
- Kitambulisho cha mume au mke.
- Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Kwa mtoto mchanga, ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa.

Kila mtu mzima husajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, kisha mume na mke wanaunganishwa katika kaya moja na watoto wanaongezwa chini yao. Mtoto ambaye jina lake halikuongezwa hahesabiwi kuwa amelindwa, hata kama wazazi wake wamelipa. Watoto wanaingia chini ya wazazi mpaka umri wa miaka 21, au 25 kama bado wanasoma kwa muda wote. Nyanya na babu hawaingii chini ya malipo ya mtoto wao. Wao ni kaya yao, na wanahitaji usajili wao.

Jambo moja linalotusumbua huku kwetu: mwenye nyumba amehama na mifugo, simu na kitambulisho viko naye malishoni, na mama amebaki nyumbani na watoto. Mama, huhitaji kumsubiri. Ukiwa na kitambulisho chako unaweza kusajiliwa na kuwaongeza watoto. Baba ataunganishwa atakaporudi.

Asiye na kitambulisho aanze na hilo kwanza. Muone chifu au naibu wake, na upeleke maombi katika ofisi ya usajili wa watu. Vijana waliotimiza miaka 18 wasingoje mpaka wapate kazi au wakati wa uchaguzi ndipo wakitafute.

HATUA YA PILI: TATHMINI YA UWEZO WA KULIPA

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi wanairuka, ama kwa kutojua, ama kwa kuogopa maswali.

Mtu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Mfugaji, mchuuzi wa maziwa, mwendesha bodaboda au kibarua hana hati ya mshahara, kwa hivyo SHA hukadiria kipato cha kaya yake kwa maswali. Utaulizwa mko wangapi nyumbani, nyumba imejengwa kwa nini, maji mnatoa wapi, mnapika kwa kuni au kwa gesi, mna taa ya aina gani, mna mifugo mingapi, na mengine ya namna hiyo. Majibu yako yanaingia katika mtambo, nao unakadiria kipato cha kaya na kutoa kiasi cha kulipa.

Hesabu ni ile ile ya asilimia 2.75, lakini hakuna kaya inayolipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Chukua mifano miwili:

- Kaya iliyokadiriwa kupata shilingi 10,000 kwa mwezi: asilimia 2.75 ni shilingi 275. Kwa kuwa ni chini ya 300, itaandikiwa shilingi 300 kwa mwezi, sawa na shilingi 3,600 kwa mwaka.
- Kaya iliyokadiriwa kupata shilingi 15,000 kwa mwezi: italipa shilingi 412.50 kwa mwezi, sawa na shilingi 4,950 kwa mwaka.

Kumbuka kwamba malipo ni ya kaya nzima. Baba, mama na watoto wao saba hulipa mara moja, si kila mtu na lake.

Jibu maswali kwa ukweli. Wapo wanaojiongezea mifugo kwa kuona haya, kwa sababu kwetu mtu hapendi kuonekana hana kitu. Wapo pia wanaowahesabu ng'ombe wa ndugu wanaowachungia. Taja mifugo yako wewe, na kama ukame umeipunguza, taja idadi iliyobaki leo, si ile ya miaka iliyopita. Na wapo wanaoficha kila kitu. Rekodi ikija kuonyesha vingine, ni wewe utakayepata usumbufu. Hakikisha pia anayekuuliza anaandika unachosema. Kama Kiswahili si lugha yako ya kila siku, omba maswali yaelezwe kwa Kisamburu, Kiturkana, Kiborana au Kisomali.

Ukiona kiasi ulichoandikiwa hakilingani na hali yako, usikate tamaa na kuondoka. Rudi kwa mhamasishaji, au nenda ofisi ya SHA mjini Isiolo, au piga simu nambari 147, uombe tathmini yako iangaliwe upya. Eleza kilichokosewa.

HATUA YA TATU: KULIPA AU KUDHAMINIWA

Katika NHIF, asiye na ajira alilipa shilingi 500 kila mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Chini ya SHA kiwango cha chini ni nafuu zaidi, lakini fedha za mwaka mzima zinatakiwa kwa pamoja mwanzoni. Hili limelalamikiwa sana, na si bila sababu: mtu anayeishi kwa kuuza maziwa ya leo ili anunue unga wa leo hana 3,600 mkononi.

Kuna njia za kulikabili.

Kwanza, panga malipo kulingana na majira ya mifugo. Baada ya mvua, mbuzi amenona na bei iko juu, hivyo mbuzi mmoja mzuri anaweza kutosha kulipia kaya mwaka mzima. Kiangazi kikishika, mbuzi huyo huyo atakuwa amekonda na huenda wawili wasitoshe. Na mbuzi anayeuzwa usiku kwa sababu ya mgonjwa huwa wa bei ya chini kuliko wote, kwa kuwa mnunuzi anajua huna la kufanya.

Pili, tumieni vikundi. Kikundi cha akina mama kinachozungusha pesa kinaweza kukubaliana kwamba zamu ya kila mmoja ilipe kwanza SHA ya nyumba yake kabla ya kununua kitu kingine. Shilingi 3,600 ikigawanywa kwa wiki za mwaka ni kama shilingi 70 kwa wiki.

Tatu, upo mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole. Hapa mchango wako wa mwaka unalipwa kwa mkopo, nawe unarudisha kidogo kidogo. Unafaa kwa mwenye pesa zinazoingia mara kwa mara, kama mchuuzi au mwendesha bodaboda. Lakini ni mkopo. Soma ujumbe vizuri, ujue utarudisha kiasi gani kwa jumla na kwa muda gani, kabla ya kukubali.

Nne, kwa wasiojiweza kabisa kuna udhamini wa serikali. Sheria inatambua kwamba wapo watu wasio na uwezo wa kuchangia hata kile kiwango cha chini, na kwamba serikali iwalipie. Mwezi Oktoba 2025 Serikali ya Taifa ilianzisha mpango wa kuwadhamini watu milioni 2.2 wa aina hiyo nchini. Jambo la kuelewa ni hili: huwezi kuonekana kuwa huna uwezo kama hakuna rekodi inayosema hivyo. Tathmini ya hatua ya pili ndiyo inayoonyesha hali yako. Mjane, mzee anayeishi peke yake, familia yenye mtu mwenye ulemavu, au kaya iliyomalizwa mifugo na ukame, msiache tathmini eti kwa sababu hamna pesa za kulipa. Kwenu ninyi tathmini ni muhimu kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Ikiwa unapokea fedha za Inua Jamii, usidhani kwamba hizo zimekulipia pia SHA. Uliza, uthibitishe.

Hata hivyo, tusidanganyane. Udhamini una idadi maalumu, na si kila anayestahili atafikiwa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tunawashauri wanaoweza kujichanga kwa shida walipe, na wasikae wakingoja udhamini ambao huenda ukachelewa.

MAMA MJAMZITO ASINGOJE MWEZI WA TISA

Kwa mama mjamzito, haraka ni kubwa zaidi. Mpango wa Linda Mama uliozoeleka zamani uliingizwa katika Linda Jamii chini ya SHA, na huduma za kujifungua hulipwa na SHIF. Viwango vya SHA kwa hospitali ni shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na shilingi 30,000 kwa upasuaji. Fikiria kiasi hicho kikidaiwa kutoka kwa familia ambayo ingelipa 3,600 kwa mwaka mzima.

Upasuaji haufanyiki katika zahanati. Uchungu ukikwama Kipsing, mama lazima apelekwe hospitali, na kama mvua imenyesha na laga imejaa, safari hiyo ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Huo si wakati wa kuanza kutafuta kitambulisho na mtandao.

Kwa hivyo siku ya kwanza unapokwenda kliniki ya wajawazito, fanya mambo mawili: mwambie muuguzi athibitishe usajili wako, na uliza kama malipo ya kaya yako yanaonekana. Kama hayaonekani, una miezi kadhaa ya kuyashughulikia. Baada ya kujifungua, usisahau kumwongeza mtoto kwa kutumia karatasi ya taarifa ya kuzaliwa.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

Nitajuaje kama nimelipiwa au nimedhaminiwa?
Piga *147# uangalie hali yako, au mwombe mhudumu wa zahanati akuangalizie kwa nambari ya kitambulisho. Fanya hivyo ukiwa mzima. Usiridhike na neno la mtu kwamba "wewe umo".

Nikiwa mgonjwa mahututi na sijalipa, hospitali itanifukuza?
Hapana. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Utapokelewa na kuokolewa maisha. Lakini matibabu yanayofuata baada ya dharura yanaweza kuwa na gharama, na hizo ndizo bima inazokulinda nazo.

Mgonjwa wetu tayari yuko wodini na hatukuwa tumelipa. Tufanye nini?
Msitoroke na msingoje siku ya kuruhusiwa. Siku hiyo hiyo nendeni kwenye dawati la SHA hospitalini mkamilishe usajili, tathmini na malipo. Kama hamna uwezo kabisa, ombeni kuonana na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali awaeleze utaratibu wa kuomba kusamehewa ada.

Je, nikienda Samburu, Laikipia au Meru bima yangu itafanya kazi?
Ndiyo. SHA ni ya nchi nzima, si ya kaunti. Hakikisha tu kituo unachokwenda kina mkataba na SHA. Hili ni muhimu kwa familia zinazovuka mipaka ya kaunti kufuata malisho.

Simu yangu imepotea au nimebadilisha laini. Nitatibiwa?
Wewe unatambuliwa kwa kitambulisho chako, na vituo sasa vinatumia alama za vidole kuthibitisha mgonjwa. Hata hivyo badilisha nambari yako katika rekodi mapema ili ujumbe ukufikie wewe.

Nikilipa na nisiugue, pesa zangu zitarudishwa?
Hapana. Ni kama kuchangia harambee ambayo huijui itakuwa ya nani. Mwaka huu imemsaidia jirani. Mwaka ujao inaweza kuwa zamu yako.

KABLA MWEZI HUU HAUJAISHA

Kaa na watu wa nyumba yako jioni moja mjiulize mambo manne. Je, kila mtu mzima amesajiliwa? Je, kila mtoto ameongezwa? Je, tumefanyiwa tathmini? Je, mchango wa mwaka umelipwa, au jina letu limo kwa waliodhaminiwa? Penye jibu la "hapana" au "sijui", hapo ndipo pa kuanzia.

Msaada upo kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji chako, katika zahanati ya Kipsing, kwa chifu, katika Huduma Centre na ofisi ya SHA mjini Isiolo, au kwa kupiga simu nambari 147. Na wewe uliyekamilisha hatua zote tatu, tafadhali msaidie mzee mmoja jirani yako asiyejua kusoma ujumbe wa simu. Muulize tu: "Umesajiliwa, lakini je, umelipiwa?"